Maswali ya Wasomaji: Wachimba Madini wa El Paso

Katika toleo lililopita, ukurasa huu ulichapisha habari fupi kuhusu Texas Western, chuo cha Marekani ambacho mwaka 1966 kilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya nchi nzima, kikiwa timu ya kwanza kuanza fainali hiyo na wachezaji watano weusi. Barua zilizoletwa na habari hiyo zimetoka Soroti, Mukono, Busia, Kampala, Lira na Kapchorwa, na nyingi zinauliza mambo ambayo hatukuyagusa. Swali la Kapchorwa nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo linalohitaji nafasi, na kwa kuwa linagusa upande wa timu hii ambao hata Marekani kwenyewe hausimuliwi inavyostahili.

Ndugu Mhariri, katika habari yenu mlikiita chuo hiki Texas Western, lakini picha mliyoiweka ilikuwa na herufi UTEP. Je, ni vyuo viwili? Na kwa nini timu yao inaitwa Wachimba Madini?
*Mwalimu wa historia, Soroti*

Ni chuo kimoja, Mwalimu, kilichobadilishwa jina mara kadhaa. Kilifunguliwa Septemba 1914 kikiwa shule ya madini ya jimbo la Texas, katika mji wa El Paso ulioko kwenye ncha ya magharibi kabisa ya jimbo hilo. Wanafunzi wa kwanza walikuja kusomea uchimbaji wa madini na usafishaji wake, na jina la timu zote za chuo, wanaume kwa wanawake, limetokana na kazi hiyo. Mwaka 1949 kiliitwa Texas Western College, na mwaka 1967 kikapewa jina ambalo kinalo hadi leo, University of Texas at El Paso, ambalo kifupi chake ndicho hicho ulichokiona pichani. Kwa kuwa ubingwa ulipatikana mwaka mmoja tu kabla ya jina kubadilishwa, vitabu vya rekodi vinalihifadhi taji chini ya jina la zamani.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa historia, nakuongezea jambo ambalo hukuliuliza. Jengo kuu la shule liliteketea kwa moto mwaka 1916, na chuo kikahamia mahali kilipo sasa. Mke wa mkuu wa shule, Kathleen Worrell, alikuwa ameziona picha za nchi ya Bhutan, iliyoko kwenye milima ya Himalaya, katika toleo la Aprili 1914 la jarida la National Geographic, akapendekeza kwamba majengo mapya yafuate mtindo ule, kwani nayo yangesimama kwenye vilima vikavu vyenye mawe. Pendekezo lilikubaliwa, na tangu mwaka 1917 chuo kimejengwa kwa kuta nene zinazoinama kidogo kuelekea ndani, paa zenye kingo pana, na mikanda ya matofali yenye nakshi kuzunguka sehemu ya juu. Bhutan yenyewe ililipokea jambo hili kwa furaha, kiasi kwamba hekalu dogo la mbao lililojengwa na mafundi wake kwa ajili ya tamasha la utamaduni mjini Washington mwaka 2008 lilikabidhiwa chuo, na sasa limesimama katikati ya uwanja wa wanafunzi.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo na ninacheza mpira wa kikapu. Nimeitazama filamu inayohusu ushindi wa mwaka 1966 na imenigusa sana, lakini rafiki yangu anasema kwamba mambo mengi ndani yake yametungwa. Je, ni yapi ya kweli?
*Mchezaji, Mukono*

Filamu unayoitaja, iliyotoka mwaka 2006, imekishika kiini cha habari vizuri, ila imeubana muda na kuongeza chumvi mahali ambapo ukweli ulijitosheleza. Inamwonyesha kocha Don Haskins akiwasili El Paso na kushinda ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Haskins alifika mwaka 1961, baada ya miaka ya kufundisha shule za sekondari katika miji midogo ya Texas, zikiwemo timu za wasichana, na msimu wa ubingwa ulikuwa wake wa tano. Inaonyesha pia kana kwamba yeye ndiye aliyewafungulia mlango wachezaji weusi, na hapo hairejei nyuma vya kutosha. Chuo kilianza kuwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mwaka 1955, kufuatia kesi iliyofunguliwa na msichana aliyeitwa Thelma White baada ya kukataliwa nafasi, na mwaka uliofuata Charlie Brown aliichezea timu ya kikapu. Haskins alipowasili alimkuta kikosini Nolan Richardson, kijana mweusi wa El Paso, ambaye baadaye alikuwa kocha na kuipa Arkansas ubingwa wa nchi mwaka 1994. Naona ni haki kulitaja jina la Thelma White kila ushindi huu unapotajwa, kwa sababu asingekwenda mahakamani, Haskins asingekuwa na timu ile ya kuifundisha.

Rafiki yako yuko sahihi pia kuhusu matukio kadhaa ya njiani. Chuo kimoja cha Texas kilichoonyeshwa mashabiki wake wakiwatendea vibaya wageni kililalamika hadharani, kwa kuwa jambo hilo halikutokea kwao. Na ile hotuba ya usiku wa kuamkia fainali, ambamo kocha anatangaza kwamba atawatumia wachezaji weusi peke yao ili kuionyesha dunia jambo, haipatani na alivyokuwa akieleza mwenyewe hadi alipofariki mwaka 2008. Daima alisema kwamba alipanga wachezaji wake bora, basi.

Sasa niseme kile ambacho mchezaji kama wewe atakithamini zaidi. Timu ile ilimaliza msimu ikiwa imeshinda michezo 28 na kupoteza mmoja tu, dhidi ya Seattle, tena kwa tofauti ya alama 2. Katika mchezo wa kuwania kuingia nusu fainali ilikutana na Kansas, na mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha nyongeza Jo Jo White wa Kansas alitupa mpira kutoka mbali ukaingia. Mwamuzi akaukataa kwa kuwa mguu wa White ulikuwa umekanyaga mstari wa pembeni. Kipindi cha pili cha nyongeza kikachezwa, na Texas Western wakashinda 81 kwa 80. Kama White angesogea ndani upana wa kidole kimoja, huenda leo mimi na wewe tusingekuwa na lolote la kuandikiana.

Fainali ilichezwa tarehe 19 Machi 1966 katika ukumbi wa Cole Field House, Maryland, dhidi ya Kentucky, timu iliyokuwa ya kwanza kwa ubora nchini na ambayo wachezaji wake wote walikuwa weupe. Haskins alifanya uamuzi ambao wengi hawauzungumzii kwa sababu rangi ya ngozi imefunika mbinu. Alimwacha benchi Nevil Shed, mmoja wa warefu wake, akamwanzisha Willie Worsley, aliyekuwa na kimo cha sentimita 168 hivi, ili awe na walinzi watatu wepesi dhidi ya timu iliyotegemea kasi. Wengine walioanza walikuwa Bobby Joe Hill, Orsten Artis, Harry Flournoy na David Lattin. Mapema kabisa Lattin aliupigilia mpira kikapuni kutoka juu mbele ya Pat Riley, yule ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mkubwa wa ligi ya kulipwa. Kisha Hill aliwapokonya mpira wachezaji wawili wa Kentucky mara mbili mfululizo na kufunga mara zote mbili, na tangu hapo Kentucky hawakuwa tena na utulivu ule walioingia nao.

Tazama hesabu za mchezo huo, maana zinasema mengi. Kentucky walifunga vikapu 27 vya uwanjani na Texas Western 22 tu. Wakati huo hapakuwa na kikapu cha alama 3, kwa hiyo katika vikapu vya kawaida, vyenye alama 2 kila kimoja, Kentucky walikuwa mbele kwa alama 10. Tofauti ilitoka kwenye mitupo huru, ile ya alama 1 ambayo timu hupewa inapochezewa rafu, kwani Texas Western walipata mitupo 34 wakafunga 28, na Kentucky walipata 13 wakafunga 11. Wepesi wa wale walinzi watatu uliwalazimisha wapinzani kucheza rafu, na vijana hawakutetemeka waliposimama peke yao mstarini. Matokeo yakawa 72 kwa 65, na Hill peke yake alifunga 20.

Timu ilikuwa na wachezaji kumi na wawili, na saba walioingia uwanjani usiku huo wote walikuwa weusi. Wengine watano, yaani weupe wanne na David Palacio mwenye asili ya Meksiko, walibaki benchi. Mmojawapo, Jerry Armstrong, ndiye aliyepewa kazi usiku uliotangulia ya kumpunguza kasi Jerry Chambers wa Utah, aliyekuwa akifunga apendavyo katika nusu fainali, na bila kazi yake huenda fainali isingekuwepo kwao. Ninamtaja kwa sababu wachezaji wenzake weusi nao wamekuwa wakimtaja kila walipoulizwa.

Fainali ikimalizika, ni desturi washindi kupanda ngazi na kuukata wavu wa kikapu kuwa kumbukumbu. Usiku ule hakuna aliyewaletea ngazi. Shed alimnyanyua Worsley mabegani, na yule mfupi kuliko wote ndiye aliyeukata.

Mhariri, nani alitangazwa mchezaji bora wa mashindano hayo ya 1966? Tumebishana hapa kazini, wengine wanasema Hill na wengine Lattin.
*Msomaji, Busia*

Wote mmekosa, ndugu yangu, na si kosa lenu. Tuzo alipewa Jerry Chambers wa Utah, niliyemtaja hapo juu, ambaye timu yake ilishika nafasi ya nne. Alifunga alama 38 dhidi ya Texas Western, na hakuna anayekana kwamba alicheza kwa kiwango cha juu sana, lakini kuwapita mabingwa wote na kwenda kumchukua mtu wa timu iliyopoteza michezo yake yote miwili ya mwisho ni uamuzi ambao hadi leo naona ni mgumu kuutetea.

Mheshimiwa Mhariri, baada ya mwaka 1966 timu hii ya kikapu iliishia wapi? Hatuisikii ikitajwa miongoni mwa vigogo.
*Msomaji, Kampala*

Haijawahi kuurudia ubingwa, ila taji lake lilikaa miaka 55 likiwa la pekee kwa wanaume katika jimbo zima la Texas, pamoja na ukubwa wa vyuo vingine vya huko na fedha walizo nazo, hadi Baylor walipotwaa lao mwaka 2021. Haskins alibaki El Paso hadi mwaka 1999, akishinda michezo 719, na ukumbi wa timu umepewa jina lake. Mikononi mwake walipita Nate Archibald, ambaye msimu wa 1972 hadi 1973 aliongoza ligi ya kulipwa ya NBA kwa alama na kwa pasi za kufungisha kwa pamoja, na Tim Hardaway, ambaye vijana wa Lugogo wanaiga hadi leo ule mtindo wake wa kuuvusha mpira ghafla kutoka mkono mmoja hadi mwingine, pengine bila kujua ulikotoka. Kikosi chote cha 1966 kiliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu mwaka 2007.

Ndugu Mhariri, nimesoma mahali kwamba Bob Beamon, mwenye ule mruko wa ajabu wa Meksiko, alitoka chuo hicho. Kama ni kweli, mbona chuo hakijivunii zaidi? Na je, kuna mtoto wetu yeyote wa Lango aliyewahi kung'ara katika vyuo vya Marekani?
*Mpenzi wa riadha, Lira*

Beamon alikuwa mwanafunzi wa El Paso, na jibu la kwa nini chuo hakijivunii zaidi linaumiza kidogo. Mnamo Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, timu ya riadha ilitakiwa kwenda Utah kushindana na Brigham Young, chuo cha kanisa la Wamormoni, ambalo wakati huo halikuwaruhusu wanaume weusi kupewa ukuhani, zuio lililoondolewa mwaka 1978. Beamon na wenzake kadhaa weusi walikataa kushindana. Chuo kikawaondoa kwenye timu na kuwanyima ufadhili.

Kwa hiyo Beamon alijiandaa kwa Olimpiki bila kocha wa chuo, akisaidiwa na Ralph Boston, mwanamichezo aliyekuwa mpinzani wake na mmoja wa wenye rekodi ya dunia ya kuruka mbali. Tarehe 18 Oktoba 1968, katika jiji la Meksiko lililoko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, aliruka mita 8.90. Rekodi ya awali ilikuwa 8.35. Kifaa cha kupimia kilichowekwa kando ya shimo la mchanga hakikuweza kufika pale alipotua, ikabidi waamuzi watafute utepe wa kawaida. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1991, Mike Powell aliporuka 8.95.

Basi chuo kinaweza kujivunia Beamon, lakini lazima kikumbuke kwamba miezi sita kabla ya mruko ule kilikuwa kimemtoa. Mwaka huohuo wa 1968 jarida la Sports Illustrated lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu namna wanamichezo weusi walivyokuwa wakitendewa vyuoni, na sehemu moja ilihusu El Paso hiyohiyo iliyokuwa imesifiwa miaka miwili tu iliyopita. Ninalisema hili kwa sababu naipenda timu hii. Ushindi wa 1966 ulikuwa mkubwa kweli, na vijana walioupata waliendelea kuishi katika mji ambamo baadhi ya milango ilikuwa bado imefungwa mbele yao. Kuusimulia usiku wa fainali na kuyaficha yaliyofuata si kuwaheshimu.

Kuhusu mtoto wa Lango, yupo, ingawa si El Paso. Julius Achon wa Otuke, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 1,500 mwaka 1994, alikwenda chuo cha George Mason kilichoko Virginia, na mwaka 1996 akatwaa ubingwa wa vyuo katika mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 44.55. Baadaye alirudi nyumbani na kuwa Mbunge wa Otuke.

Mhariri mpendwa, ninafundisha vijana wa mbio huku Kapchorwa. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa mkimbiaji zama zake, aliniambia kwamba chuo hicho cha El Paso wakati mmoja kilijaa wakimbiaji wa Afrika Mashariki hata wakawa wanazungumza Kiswahili mazoezini. Je, ni kweli, au ni hadithi za wazee?
*Kocha, Kapchorwa*

Ni kweli, Kocha, na mzee huyo hakukutilia chumvi.

Nianze na hesabu ambayo hata mashabiki wengi wa timu hii hawaijui. Chuo hiki kimeshinda mataji 21 ya vyuo vya daraja la kwanza nchini Marekani. Taji la mpira wa kikapu ni moja. Yale mengine 20 yote ni ya riadha ya wanaume: 7 ya mbio za nyika, 7 ya riadha ya ukumbini inayofanyika majira ya baridi, na 6 ya riadha ya uwanjani. Ukiliondoa taji la nyika la mwaka 1969, mataji 19 yaliyobaki yalipatikana kati ya mwaka 1974 na 1982. Mwaka 1975 timu iliyachukua yote matatu, na ikafanya hivyo tena mwaka 1978, 1980 na 1981.

Aliyeijenga timu hiyo alikuwa kocha Ted Banks, na msingi wake ulikuwa wanamichezo kutoka nje ya Marekani, hasa kutoka kwetu. Wakenya walitangulia, wakiwemo James Munyala wa mbio za viunzi na maji, Wilson Waigwa wa maili moja, na Mike Musyoki wa masafa marefu. Kisha wakaja Watanzania, Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Pamoja nao alikuwepo Matthews Motshwarateu wa Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imefungiwa michezo ya kimataifa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, kwa hiyo mbio za vyuo zilikuwa miongoni mwa nafasi chache alizokuwa nazo za kushindana na walio bora. Kikosi ambacho Wakenya na Watanzania ndio mhimili wake kingezungumza lugha gani wakati wa kupasha misuli moto, kama si hii tunayoandikiana?

Vijana wako wanazijua mbio za nyika, hivyo wataelewa ukubwa wa jambo ninalolisema sasa. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, wanaume wa Uganda walipotwaa ubingwa wa dunia wa timu wakiongozwa na Joshua Cheptegei na Jacob Kiplimo, nafasi za wakimbiaji wanne wa kwanza zilijumlishwa, na Uganda ikapata alama 20. Katika vyuo vya Marekani huhesabiwa wakimbiaji watano, kwa hiyo alama ya chini kabisa inayowezekana ni 15, pale timu moja inaposhika nafasi ya kwanza hadi ya tano. Mwaka 1981 El Paso walipata 17. Motshwarateu alikuwa wa kwanza, kama Nyambui alivyokuwa wa kwanza mwaka uliotangulia, na Barie akaja kushinda mwaka 1983.

Waambie vijana pia kwamba mwaka 1976 na 1979 mshindi binafsi alikuwa Henry Rono, Mkenya wa Washington State, mtu ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Pamoja na kuwa na Rono mbele, Washington State hawakupata taji la timu katika miaka hiyo miwili, kwani El Paso walikuwa na watu wengi zaidi waliofika karibu naye. Kocha anayemtegemea nyota mmoja na kuwasahau wa nne na wa tano angefaa kuyaangalia matokeo ya miaka hiyo.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo huniuma kila ninapoifikiria. Wengi wa wakimbiaji hawa walikuwa katika kilele cha nguvu zao wakati wa migomo ya Olimpiki. Mwaka 1976 Kenya, Tanzania na Uganda zote zilikosa Montreal, katika mgomo wa nchi za Afrika dhidi ya New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda Afrika Kusini. Mwaka 1980 Kenya ilijiunga na Marekani kuisusia Moscow. Ubingwa wa vyuo, ambao kwa wengine ni ngazi ya kupandia, kwa Wakenya wa El Paso ulikuwa mara nyingi ndiyo jukwaa kubwa lililobaki. Musyoki alingoja hadi Los Angeles mwaka 1984 ndipo akapata nishani ya shaba katika mita 10,000, baada ya Mfini aliyekuwa mbele yake kuondolewa kwa kutumia dawa zilizokatazwa.

Tanzania ilikwenda Moscow, kama Uganda ilivyokwenda na bondia wetu John Mugabi akarudi na fedha. Hapo ndipo Nyambui, akiwa na umri wa miaka 27, alipofanya jambo ambalo Wamarekani waliokuwa wakisoma naye hawakuruhusiwa kulifanya. Akiwa mwanafunzi wa chuo cha Marekani, alikimbia katika Olimpiki ambayo Marekani ilikuwa imeisusia, na akapata fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, mwaka 1987 na 1988. Shahanga naye alikuwa ameshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na mwaka 1982 huko Brisbane akashinda mita 10,000.

Umri huo wa Nyambui ulileta maneno. Makocha wa vyuo vingine walilalamika kwamba vijana wao wa miaka 19 walikuwa wakishindanishwa na watu wazima waliokwisha kukomaa katika mbio za kimataifa, na hatimaye zikawekwa kanuni zilizowapunguzia muda wa kushindana wanamichezo wa nje waliochelewa kujiunga na masomo. Malalamiko hayo yalikuwa na sehemu ya haki. Hata hivyo, ninaona walioyatoa hawakujiuliza kwa nini kijana wa Mara au wa Kitui alifika chuoni akiwa na miaka 25. Alifika akiwa na umri huo kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na chuo kilichomwita wala fedha za kumfikisha.

Kwa maoni yangu, kusahauliwa kwa wakimbiaji hawa kuna sababu mbili. Mbio za nyika za vyuo hazivutii kamera kama mpira wa kikapu, na Mmarekani wa kawaida hakuwaona Wakenya na Watanzania kuwa watu wake wa kushangilia. Sababu hizo hazituhusu sisi. Tuna kila haki ya kuyahesabu mataji yale kuwa sehemu ya historia ya riadha ya Afrika Mashariki, na majina ya Nyambui, Munyala na Musyoki yanastahili kujulikana na mtoto wa Kapchorwa kama anavyolijua la Stephen Kiprotich.

Tena uhusiano huo haujakatika. Paul Ereng, Mkenya aliyeshinda dhahabu ya mita 800 huko Seoul mwaka 1988, alikwenda kuwa kocha wa mbio El Paso, na miongoni mwa vijana aliowafundisha alikuwa Emmanuel Korir. Mwaka 2017 Korir alishinda mita 800 za vyuo ukumbini na uwanjani, mwaka 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo katika mbio hizohizo, na mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia huko Eugene. Kwa hiyo ukimpata kijana wa mita 800 mwenye kasi na bidii ya masomo, Kocha, mwonyeshe mbio za Korir za Tokyo, hasa mita 200 za mwisho, na mwambie alifunzwa na nani na katika chuo gani.